Karani Mchezoni

Tarehe 29 Septemba 1662, mjini London, karani mmoja wa Jeshi la Majini aliamka akiwa mtu huru. Kiapo alichojifunga nacho, cha kutokunywa mvinyo na kutokwenda mchezoni, kilikuwa kimefikia ukomo wake, naye akaamua kujipa ruhusa ya siku moja. Alasiri akaenda kwenye nyumba ya mchezo ya Mfalme, wakacheza "A Midsummer Night's Dream" ya William Shakespeare. Aliporejea nyumbani alichukua daftari lake akaandika kwamba mchezo ule hauna ladha, ni upuuzi mtupu, na hatarudi kuuangalia maisha yake yote. Kilichompendeza, alikiri, ni ngoma zilizochezwa na uzuri wa baadhi ya wanawake waliokuwa jukwaani.

Karani huyo ni Samuel Pepys. Tangu shajara yake ilipochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1825, sentensi zile chache zimemletea kicheko kisichokwisha. Amefanywa mfano wa mtu aliyetiwa lulu mkononi akaidhania kokoto. Kicheko hicho kina haki yake, lakini si haki kamili. Na anayempima Pepys kwa hukumu ile moja humkosa shahidi bora kuliko wote walioandika juu ya jambo ambalo wahakiki hawapendi kulitaja: jinsi mtu mwenye kazi nyingi anavyoiba saa mbili tatu kwenda kuangalia mchezo, na jinsi saa hizo za wizi zinavyoingia katika hukumu anayoitoa.

Pepys alizaliwa London mwaka 1633, mtoto wa mshona nguo. Alianza shajara yake tarehe 1 Januari 1660 na kuifunga tarehe 31 Mei 1669. Katika muda huo usiotimia miaka kumi aliandika maneno yapatayo milioni moja na robo, kwa hati ya mkato ambayo ilikaa imefungika mpaka kijana mmoja wa Cambridge, John Smith, alipoketi nayo kuanzia 1819 hadi 1822. Wenye kazi ya kufasiri watamwonea Smith huruma: alitaabika miaka mitatu kuifumbua hati ile herufi kwa herufi, ilhali kitabu cha kuifundishia kilikuwa katika maktaba ileile ya Pepys, kwenye rafu, hakuna aliyemwambia.

Mwaka ulioanza shajara ndio mwaka zilipofunguliwa nyumba za michezo. Bunge lilikuwa limezifunga tangu 1642. Kizazi kizima cha watu wa London kilikua bila ya jukwaa la halali. Mei 1660 Pepys alikuwa miongoni mwa waliovuka bahari kumleta Mfalme Charles wa Pili, na baada ya hapo jamaa mbili za wachezaji zilipewa ruhusa, moja ya Mfalme chini ya Thomas Killigrew, na nyingine ya nduguye Mfalme, Mtawala wa York, chini ya William Davenant. Pepys akapewa ukarani wa Bodi ya Jeshi la Majini. Kwa hivyo ofisi na mchezo vilimfika kwa pamoja, kama watoto pacha, na havikuacha kugombana mpaka mwisho.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa saa. Aliishi Seething Lane, mashariki ya mji, karibu na Mnara wa London, nyumba yake na ofisi yake zikiwa mahali pamoja. Nyumba za mchezo zilikuwa magharibi, mwendo wa maili mbili hivi, kwa gari la farasi au kwa mashua juu ya mto Thames. Wala mchezo haukuwa wa usiku, kama msomaji wa leo anavyoweza kudhani. Ulianza alasiri, kiasi cha saa tisa au tisa na nusu, ili mwanga wa mchana usaidiane na mishumaa. Karani hangeweza kumaliza kazi kisha akajiendea. Alilazimika kuikata. Kila mchezo ulikuwa na bei mbili, ile iliyolipwa mlangoni na ile iliyolipwa ofisini; na usiku, ambao kwetu ndio wakati wa starehe, kwake ulikuwa wakati wa kulipa deni. Mara nyingi shajara inamwonesha akitoka mchezoni kwenda moja kwa moja kwenye meza yake, kuandika barua mpaka macho yamuume.

Bei ya mlangoni nayo haikuwa ndogo. Shilingi 2 na peni 6 zilimkalisha mtu katika ukumbi wa chini, mbele ya jukwaa. Shilingi 1 na peni 6, au shilingi moja tu, zilimpeleka juu kwenye roshani. Tarehe 19 Januari 1661 Pepys alikuwa amekaa mahali pa shilingi moja na nusu, mara akatupa macho akawaona makarani wanne wa ofisi yake, wadogo zake kazini, wamekaa mahali pa shilingi mbili na nusu. Akaona haya. Miaka saba baadaye, tarehe 1 Januari 1668, amekwishatajirika, yuko katika ukumbi wa chini, na sasa kinachomuudhi ni kwamba wanagenzi na watu wa kawaida wamejaa pale kwa shilingi zao mbili na nusu, naye anakumbuka miaka aliyojinyima ili apate kukaa juu. Hakuna mhakiki mwingine wa zama zile anayemwambia msomaji alikaa wapi. Dryden, aliyekuwa fundi mkubwa wa kuitungia na kuijadili michezo, anaandika kama kwamba aliiangalia kutoka mbinguni. Pepys daima yuko kwenye kiti, na kiti kina bei, na bei ina aibu yake.

Ndipo vinapoingia viapo. Tangu mwanzo wa 1662 alijifunga kwa maandishi kuacha mvinyo na michezo kwa muda maalumu, na akivunja, atoe fedha kwenye sanduku la masikini. Viapo hivyo alivisoma na kuvirudia kama mtu anavyosoma hesabu za duka. Alivishika kwa ukali. Kisha akatafuta vichochoro. Mwaka 1664 alimkopesha rafiki yake Creed fedha ili Creed ampeleke yeye na mkewe mchezoni, maana kiapo kilimzuia kulipa, hakikumzuia kulipiwa. Aliiandika hila hiyo kwa jina lake, hila, akaapa kutoirudia. Ni ukurasa wa kuchekesha. Lakini mwenye kuusoma kwa utulivu ataona kwamba mtu hajiwekei kiapo dhidi ya kitu kidogo. Kuna watu wanaokwenda kwenye mchezo kwa kuwa wamealikwa, na wengine kwa kuwa ni siku yake. Pepys alikuwa akiuogopa mchezo kama mtu anavyoogopa pendo. Shajara inamwonesha katika nyumba za mchezo mara mia tatu na zaidi.

Ni nyepesi basi kusema kwamba hukumu zake mbaya ni sauti ya dhamiri: alipokuwa akivunja kiapo, mchezo ulimchachia mdomoni, alipokuwa na ruhusa, ulikuwa asali. Wapo walioisema hoja hii, na mara nyingine inasimama. Lakini siku ya "A Midsummer Night's Dream" inaivunja. Siku ile hakuwa na kiapo, hakuwa na hatia, alikwenda kwa furaha. Alichukia kwa moyo mweupe.

Basi kwa nini alichukia? Jibu limo katika neno lenyewe analolitumia. Kiswahili kina maneno mawili hapa, mchezo na tamthilia. Tamthilia ni neno la darasani, neno la kitabu chenye jalada na maswali ya mtihani nyuma yake. Mchezo ni neno la watu: mchezo wa watoto, mchezo wa mpira, mchezo wa jukwaani. Lugha ya Pepys nayo hutumia neno moja kwa la mtoto na la jukwaa, na mfasiri atakayempa Pepys neno "tamthilia" atakuwa amemvisha joho lisilo lake. Yeye hakwenda kuhukumu tamthilia ya Shakespeare. Alikwenda mchezoni, akahukumu alasiri moja: wachezaji hawa, nguo hizi, fidla hizi, jirani huyu. Tarehe 1 Machi 1662 aliiona "Romeo and Juliet" na akaiita mbaya kuliko zote alizowahi kuzisikia. Lakini papo hapo akaeleza kwamba ilikuwa siku ya kwanza ya kuchezwa, wachezaji wakikosea maneno yao, na akaazimia kutokwenda tena siku ya kwanza ya mchezo wowote. Hiyo si hukumu ya mjinga. Ni hukumu ya mteja aliyeuziwa mkate mbichi.

Si kila mahali anaweza kutetewa namna hii. Januari 6, 1663 aliangalia "Twelfth Night", na moja ya lawama zake ni kwamba mchezo hauhusiani na jina lake wala na sikukuu ya siku ile. Hapa hapana la kumsaidia. Agosti 1666 alisoma "Othello" ndani ya mashua akiwa njiani kwenda Deptford, na kwa kuwa alikuwa ametoka kusoma mchezo mwingine uliokuwa ukipendwa mjini siku zile, "The Adventures of Five Hours", akaiona "Othello" kitu duni. Mchezo huo mwingine leo unajulikana na wataalamu peke yao. Mwenye kupenda mashairi atafunga kitabu hapa na kuvuta pumzi.

Lakini asikifunge moja kwa moja. Tarehe 11 Oktoba 1660 Pepys alikuwa ameiona "Othello" hiyohiyo jukwaani, na alichokiandika ni kwamba mwanamke mzuri aliyekaa karibu naye alipiga ukelele alipoona Desdemona anazibwa pumzi. Shahidi wa ukelele ule alijua mchezo umefanya nini, japokuwa msomaji wa mashuani hakujua.

Na hapa msomaji wa Kiswahili ana jambo lake la kusema, kwani amemfikia Shakespeare kwa mlango wa pili. Amempata kwanza kwa kitabu: katika tafsiri ya "Julius Caesar" aliyoitoa Julius Nyerere mwaka 1963, kisha akaisahihisha ikawa "Juliasi Kaizari" mwaka 1969, mwaka uleule wa "Mabepari wa Venisi", na katika "Makbeth" ya S. Mushi, ya mwaka 1968. Wengi waliozisoma kazi hizi, wakazipenda na kuzihifadhi, hawakupata hata mara moja kuziona zikichezwa. Hawa ni kinyume cha Pepys. Wao wana maneno bila ya alasiri. Yeye ana alasiri, na maneno humpita mengi. Ni vigumu kusema nani amepunjwa zaidi. Asiyepata kukaa katika ukumbi wenye joto, mbele ya mchezaji aliyesahau mstari, aghalabu humdhania mshairi wa jukwaani kuwa mshairi tu.

Ukumbi wenyewe haukuwa wa kimya. Januari 28, 1661 mwanamke mmoja aligeuka akamtemea Pepys mate kwa bahati mbaya. Alipomwona kuwa ni mzuri wa sura, akasamehe papo hapo. Juni 1664 mvua ya mawe ilipenya juu, wa chini wakalazimika kuinuka vitini. Tarehe 18 Februari 1667 alikaa karibu na Sir Charles Sedley, mshairi na mzungumzaji hodari, ambaye tangu mwanzo mpaka mwisho alitupiana maneno na bibi mmoja aliyevaa kinyago cha uso. Pepys akapoteza mchezo wote, akafaidi mchezo wa pembeni. Aliyepata kukaa katika taarabu, nyuma ya mabibi wawili wanaoutumia wimbo unaoimbwa kuwa ni kijembe chao wenyewe, anaijua hali hii bila ya kuelezwa: kuna nyakati jukwaa huhamia kwenye viti.

Kuhusu wanawake haifai kupita haraka, ingawa wapenzi wa Pepys hupenda kupita. Alikuwa katika kizazi cha kwanza cha Waingereza walioona wanawake wakicheza katika majukwaa ya kulipia; tarehe 3 Januari 1661 aliandika kwamba ndiyo mara yake ya kwanza. Miezi mitano kabla yake alikuwa amemsifu Edward Kynaston, kijana wa kiume, kuwa ndiye bibi mzuri kuliko wote aliowahi kuwaona. Baadaye alimsifu Nell Gwyn katika mchezo wa Dryden mwezi Machi 1667, na sifa ile ni uhakiki wa kweli, kwani anaeleza jinsi alivyocheza, kwanza msichana mwenye wazimu wa furaha, kisha aliyevaa na kutembea kama kijana wa kiume. Lakini mara nyingine macho yake hayana habari na sanaa. Alikuwa mtu wa kushika wanawake waliokuwa chini ya mamlaka yake. Oktoba 1668 mkewe Elizabeth alimkuta akimkumbatia msichana wa kazi, na shajara yenyewe ndiyo inayotoa ushahidi dhidi ya mwandishi wake. Anaposema mchezo ulikuwa mzuri, ni lazima kuuliza kila mara alikuwa akiangalia nini.

Na Elizabeth? Julai 1666 alilalamika kwamba mumewe ana wakati wa kumfundisha kuimba Mercer, msichana aliyeishi nao, ilhali yeye mkewe hakuwahi kufanyiwa taabu hiyo. Lalamiko hili limeandikwa na anayelalamikiwa, na limeandikwa kwa haki. Karani mwenye shughuli nyingi hugawa saa zake kwa kipimo. Mkewe alikuwa akisoma kipimo hicho kwa usahihi kuliko yeye.

Kwani muziki, zaidi ya mchezo, ndio uliokuwa udhaifu wake. Alipiga udi wa Kizungu na fidla kubwa, alipuliza filimbi, aliimba bustanini usiku na watu wa nyumbani mwake, na alitunga nyimbo. Wimbo wake "Beauty Retire", uliotokana na maneno ya Davenant, aliufundisha kwa mchezaji Elizabeth Knepp na akajivunia sana kuusikia ukiimbwa. Hakuwa peke yake. Moto mkubwa ulipoiteketeza London Septemba 1666, na watu wakakimbiza vyombo vyao mtoni, Pepys aliona kwamba karibu katika kila mashua ya tatu kulikuwa na kinanda cha nyuzi. Ni kauli ndogo katika siku kubwa, nayo inaeleza mji ule kuliko hesabu ya nyumba zilizoungua. Februari 1667 Killigrew alimwambia kwa majivuno kwamba zamani nyumba ya mchezo ilikuwa na wapiga fidla wawili au watatu na mishumaa ya shahamu, na sasa ina tisa au kumi na mishumaa ya nta.

Ndiyo sababu "Macbeth" aliipenda akairudia mara kwa mara. Aliiona kama Davenant alivyoigeuza, yenye nyimbo na ngoma za wachawi, naye alistaajabu kwamba tanzia inaweza kubeba burudani namna ile na bado ikafaa. Wahakiki wa kitabu huchukia mageuzi ya Davenant. Pepys alisikia kwa masikio kitu ambacho kwao ni dosari ya matini: kwamba hofu huzidi inapofuatana na ngoma. Na tarehe 27 Februari 1668, katika "The Virgin Martyr", ala za kupuliza zilipolia malaika akiteremka, alishikwa na hali iliyomfanya karibu augue, akailinganisha na pendo lake la kwanza kwa mkewe, na hakupata kutulia njia nzima wala usiku ule nyumbani. Akaazimia kujifunza ala hizo, na Elizabeth naye ajifunze. Siku saba baadaye, tarehe 5 Machi, alisimama mbele ya Bunge akaitetea ofisi yake kwa muda wa saa tatu, kwa ajili ya aibu ya Waholanzi walioingia mto Medway mwezi Juni 1667 na kuchoma manowari za Kiingereza. Wiki moja imebeba yote mawili. Mwenye kuona kwamba starehe ilimpunguzia kazi, na asome hotuba ile ilivyosifiwa na wenzake.

Ushahidi mkubwa kuliko yote, hata hivyo, ni "Hamlet". Agosti 1661 alimwona Thomas Betterton akiwa mwana wa mfalme, akasema amepita fikra. Jumapili moja ya Novemba 1664, siku isiyo na mchezo, alikaa nyumbani na mkewe akihifadhi kwa moyo yale maneno ya Hamlet kuhusu kuwa na kutokuwa. Agosti 1668 alirudi kumwona Betterton tena, na safari hii aliona huenda haijapata kuchezwa sehemu bora kuliko hiyo. Hapa mtu wa alasiri na mtu wa maneno wamekutana, na aliyewakutanisha ni mchezaji. Aliyeita "A Midsummer Night's Dream" upuuzi ndiye huyuhuyu aliyemaliza Jumapili yake kuhifadhi shairi la Shakespeare bila ya mtu kumlazimisha na bila ya mtihani mbele yake.

Tarehe 31 Mei 1669 aliifunga shajara, akihofu kwamba macho yake yanakwenda. Hayakwenda, aliishi mpaka 1703. Elizabeth alikufa Novemba mwaka uleule wa 1669, umri wake miaka 29. Mwishoni mwa Desemba 1672 mpiga fidla John Banister alifungua nyumba yake huko Whitefriars kwa yeyote mwenye shilingi moja ya kuingilia, muziki wa kulipia, alasiri, watu wamekaa. Na kuanzia 1678 muuza makaa wa Clerkenwell, Thomas Britton, aliyetembea mchana na gunia lake mgongoni, akawa anafanya muziki juu ya ghala lake. Daftari lilikuwa rafuni, limefungwa.